Nchi Ambako Wazee Hawakanyagi Chini

Watu wakisikia kwamba nilifika Enzini, huniuliza kwanza habari za dhahabu na habari za chakula. Dhahabu sikuiona, isipokuwa ile iliyopakwa kwenye viti. Chakula chao ni kama chetu, ila wao wanapenda chumvi. Kilichonishughulisha mimi tangu siku ya kwanza ni viatu.

Karibu kila nyumba ya mji ule imepigiliwa jozi ya viatu juu ya mlango. Vingine bado vipya, vingine vimekunjamana kwa jua na mvua hadi havijulikani vilikuwa vya mguu wa kulia au wa kushoto. Nyumba nyingi zina jozi moja au mbili. Niliona moja yenye jozi nne, na mwenyewe alikuwa amesimama kibarazani, kifua mbele, akijibu salamu za wapita njia kwa kidole kimoja tu. Mimi nimeumbwa mtu wa kuuliza, na tabia hii imenipunguzia marafiki. Nikamwuliza bwana yule kama viatu vile vinauzwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake, na kumbe, kwa desturi za kule, ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

Aliyenifungua macho ni Saumu, mwanamke wa makamo niliyepanga chumba kwake. Kazi yake ilikuwa kushona mito na mapazia ya viti. Alinieleza kwamba Enzini mtu akifikia umri wa heshima, watoto wake huita majirani, wakamvua viatu mbele ya watu, wakavipigilia juu ya mlango. Kisha humkalisha kwenye kiti kilichopakwa dhahabu, chenye miti miwili ya kubebea na mwavuli juu. Tangu siku hiyo unyayo wake haukanyagi chini tena. Akitaka kwenda uani, anabebwa. Akitaka kuota jua, anabebwa.

"Hata kwetu tunawaachia wazee kiti," nikamwambia, nisije nikaonekana natoka kwa watu wasio na adabu.

"Ndiyo, lakini nasikia kwenu wanashuka," akasema kwa huruma.

Heshima yao haikuishia kwenye viti. Ilikuwapo sheria nyingine, ya zamani kuliko zote: mkubwa akikunyoshea mkono, unaupokea, na huuachii mpaka auachie mwenyewe. Niliijua sheria hiyo kwa kuteseka. Babu mmoja aliyekuwa kitini nje ya duka la nguo alinishika mkono asubuhi, akaanza kunisimulia ugomvi wa mipaka ya shamba la babu yake, na jua lilikuwa limeshapinda alipopitiwa na usingizi. Hata hapo sikuthubutu kujichomoa. Mwenye duka alinitolea macho.

Saumu alikuwa na mama yake nyumbani, Bi Mashavu, mwanamke mfupi mwenye macho ya utani, na viatu vyake vya ngozi bado vilikuwa miguuni. Lakini kiti chake kilikuwa tayari ukumbini, kimefunikwa shuka. Ijumaa iliyokuwa ikija ndiyo ilikuwa siku yake ya kuvuliwa. Bi Mashavu alikuwa akipita karibu na kiti kile kwa kukizunguka, kama mtu anayempisha mbwa asiyemjua.

Kila asubuhi, akishamaliza chai, alitia ukili kwapani akaenda kwa shoga yake Bi Kibibi, ng'ambo ya Barabara Kuu. Walikuwa wakisuka mikeka pamoja tangu wakiwa wasichana. Nikaomba nimsindikize, naye akakubali kwa sharti kwamba nisimshike kiwiko.

Nimetembea katika miji mingi, lakini sijaona mji uliomchukia mtembea kwa miguu kama ule. Hapakuwa na mti wa kivuli hata mmoja. Hapakuwa na ukingo wa kukalia wala jiwe la kuegemea. Pembeni, mahali ambapo ingekuwa njia ya miguu, palipita mtaro ulio wazi, mpana kiasi cha kummeza mbuzi. Bi Mashavu aliijua njia ile kwa moyo. Alijua ni ukuta gani unaoegemeka na ni duka gani ambalo mwenyewe hanuni ukipumzika mlangoni pake. Mahali pamoja alisimama, akashika nguzo ya taa, akavuta pumzi.

"Hii ndiyo benchi yangu," akasema. "Ya wima."

Tukafika Barabara Kuu, na hapo nikamwona Bwana Kirobo, Mtembezi wa Serikali. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mapaja kama magogo, amevaa kengele kiunoni. Sheria ya Enzini husema magari yasimame tangu Mtembezi aanze kuvuka hadi afike ng'ambo, basi. Kengele ikilia, magari hutulia. Akikanyaga ukingo wa pili, huishika kengele kwa mkono, na magari huruka kama yaliyokatwa kamba. Kirobo alichaguliwa kwa mashindano ya mbio, na alijivunia kwamba hakuna aliyewahi kufika kabla yake. Watu wote waliokuwa wakivuka walikimbia nyuma yake wamekumbatia vikapu na watoto.

"Na wewe unavukaje?" nikamwuliza Bi Mashavu.

"Naanza kabla yake. Nikimwona anakaza mkanda tu, mimi nipo njiani. Wanipigie honi wanavyotaka."

Na kweli alifanya hivyo. Hatua zake za mwisho alizipiga magari yameshaanza kunguruma, nami roho ilikuwa mkononi. Nilipomwuliza kuhusu wale wa kwenye viti, alinijibu kwamba kiti hakijavuka barabara ile tangu Kirobo apewe kengele. Mbebaji haruhusiwi kukimbia, maana mzee atatikisika, na kumtikisa mzee ni kosa. Kwa hiyo aliyekalishwa upande huu amebaki upande huu, na wa kule amebaki kule.

Bi Kibibi alikuwa dirishani, kitini. Alikuwa amekalishwa miaka kadhaa kabla. Mikono yake ilikuwa na nguvu, ilisuka haraka kuliko macho yangu yalivyoweza kufuata, lakini miguu chini ya kanga ilikuwa imekonda na kulegea. Enzini wanaisifia miguu ya namna hiyo. Jirani aliyepita alimpongeza: "Mashallah, Bi Kibibi, nyayo zimekuwa laini kama za kichanga!" Bi Kibibi alishukuru kwa adabu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anayezionea wivu nyayo zile, yeye angemwazima kwa wiki moja tu.

Nyuma yake kulikuwa na kasuku ndani ya tundu. Alipokohoa, nilishtuka. Kilikuwa kikohozi cha mzee wa makamo, kizito, chenye kusafisha koo mwishoni.

"Huyo ni baba yetu," Bi Kibibi akacheka. "Kasuku alimwiga baba akiwa hai, halafu akanyamaza miaka yote hii. Mwezi huu ameanza tena. Mashavu, mwambie kaka. Mwambie baba amerudi, anakohoa."

Kaka yake alikuwa Mzee Shekuwe, Mkuu wa Baraza la Heshima, aliyeishi upande tuliotoka. Ndugu hao wawili hawakuwa wameonana tangu Shekuwe akalishwe. Kila siku Bi Mashavu alimpelekea salamu za dada yake akirudi, na kesho yake akampelekea dada majibu. Siku ile tuliporudi nilisimama mlangoni pa mzee nikasikia anavyomweleza habari za kasuku. Mzee Shekuwe, mtu wa ndevu nyeupe na sauti ya kuamuru, alimwinamia kutoka kitini.

"Anamalizia kwa kusafisha koo?" akauliza.

"Anamalizia vile vile."

"Mwambie dada asimfunike usiku. Baba alikuwa hapendi giza."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini hasa kitakachopigiliwa juu ya mlango Ijumaa. Viatu vya Bi Mashavu vikivuliwa, miguu yake itakwenda njia ya miguu ya Kibibi, na ndugu wale wawili hawatapata tena habari zao.

Nikaenda kwa Msimamizi wa Njia, Bwana Tengefu, kujaribu kupata maelezo. Alinipokea vizuri, akaniagizia kahawa.

"Mbona barabarani hakuna mahali pa kukaa?" nikamwuliza.

"Akae nani? Wazee wetu wamekaa tayari. Na kiti cha barabarani ni tusi, mgeni wangu. Kinasema mzee huyu hana wa kumbeba."

"Na miti?"

"Ilikuwapo. Matawi yalikuwa yakikwaruza miavuli ya viti. Tukaangalia lililo bora, tukaikata."

"Na mitaro?"

"Mbebaji ana miguu mirefu. Anaruka."

"Lakini mzee akitaka kutembea?"

Akatabasamu kwa subira ya mtu aliyezoea wageni. "Hatembei. Tumechunguza mji mzima, hakuna mzee hata mmoja anayetembea. Sasa nitawajengeaje njia watu wasiokuwapo?"

"Labda hawatembei kwa kuwa njia haipo."

Alicheka, akanisukumia sahani ya kashata. Nikamwambia kwamba mama niliyekuja naye yuko nje, amekuja kwa miguu yake. Bwana Tengefu akainuka, akachungulia dirishani, akarudi ametulia kabisa.

"Yule bado ana viatu," akasema. "Kwa hiyo kwa hesabu zetu si mzee."

Nilipita pia Nyumba ya Magoti, ambako matabibu wa nchi ile huchunguza kwa nini miguu ya wazee hufa mapema. Walikuwa watu makini. Walikuwa wamechunguza maji, chumvi, upepo wa mashariki na rangi ya dhahabu ya viti. Nilipouliza kama wamewahi kuchunguza kule kukaa kwenyewe, mmoja aliniambia kwamba hilo lingekuwa utovu wa adabu kwa wagonjwa. Nyumba yenyewe imejengwa kileleni, kwenye ngazi nyingi, ili wagonjwa wapate hewa safi.

Usiku wa Jumatano, baada ya chakula, Bi Mashavu akamwambia binti yake kwamba hakubali kuvuliwa. Saumu aliweka sahani chini.

"Mama, unataka watu waniseme? Watasema Saumu anashonea mito mama za wenzake, wa kwake anamtembeza kama punda."

"Waseme."

"Nimekishona kile kiti mwaka mzima! Kila uzi nilikuwa nakuombea." Alikuwa analia sasa. "Ukianguka kwenye ule mtaro je? Nitakuokota mimi, mama. Si hao unaosema waseme."

Bi Mashavu akamvuta karibu. "Najua, mwanangu. Kiti ni kizuri, sijaona kizuri kama kile. Lakini ukinikalisha, Kibibi atasuka na nani?"

"Tutampelekea mtu."

"Mtu siyo mimi."

Nilisikia uchungu kwa wote wawili, maana wote walikuwa wanapendana na wote walikuwa na hofu ya kweli. Nikajitia kushughulika na chai.

Sheria ya Enzini inayo nafasi ya kukataa, ingawa familia huona aibu kuitumia. Anayekataa kuvuliwa lazima avuke Barabara Kuu mbele ya Baraza, aanze pamoja na Mtembezi, na asitanguliwe naye kufika ng'ambo. Asubuhi ya Alhamisi Bi Mashavu alikwenda barazani kuomba nafasi hiyo, mimi na Saumu nyuma yake.

Wajumbe walikuwa wamepangwa kwa viti vyao ukumbini, miguu juu ya mito. Mzee Ndaro, mtu mnene aliyefumba macho akisema, alipinga ombi. "Huyu akitembea, kesho watatembea wote. Na sisi tutaonekanaje? Tutaonekana tulikaa bure."

Mjumbe mwingine, aliyejulikana kwa upole, akaleta suluhu. Bi Mashavu ajengewe kiduara cha saruji uani kwake, chenye uzio na kivuli, awe anazunguka humo kila asubuhi kadiri apendavyo. Wajumbe wakapiga mito yao kumpongeza. Hata mimi nilidhani limekwisha.

"Ahsanteni, wazee wangu," Bi Mashavu akasema. "Lakini nikizunguka humo, nitafika kwa nani?"

Mzee Shekuwe alikuwa akitazama ncha za vidole vyake. Mwishowe akasema, bila kumwangalia, kwamba sheria ni sheria, na mama avuke.

Wabebaji wakatoa viti nje, wakavipanga ukingoni mwa Barabara Kuu. Mji ulikuwa umeshapata habari. Watu walijaa pande zote mbili, na ng'ambo nilimwona Bi Kibibi amesogezwa hadi mlangoni, tundu la kasuku mapajani. Kirobo alikaza mkanda, akanyosha goti moja, kisha la pili. Saumu alikuwa amenishika shati kwa nyuma bila kujua.

Kirobo akainua mguu na kengele ikalia. Magari yakasimama. Na Bi Mashavu, badala ya kukimbia, akamnyoshea mkono.

"Nishike, mwanangu," akasema.

Nilimwona Kirobo akiganda. Mguu mmoja ulikuwa hewani, na macho yake yalikwenda kwa Baraza, yakaja kwa mkono ule mdogo, yakarudi kwa Baraza. Mkubwa akikunyoshea mkono, unaupokea, na huuachii mpaka auachie mwenyewe. Mtoto wa Enzini hufundishwa hilo kabla hajajua kuhesabu. Kirobo akaupokea.

Wakavuka. Sijui kama barabara ile ilikuwa imewahi kuvukwa namna ile. Kengele ya Kirobo, iliyozoea kukimbia, sasa ililia mara moja moja, ting, halafu kimya, halafu ting. Hakuna gari lililosogea, maana Mtembezi hakuwa amefika. Katikati ya barabara Bi Mashavu alisimama kupumua. Kirobo naye akasimama. Dereva mmoja akapiga honi, na bibi aliyekuwa kitini karibu nami akamwita mshenzi. Niligundua kwamba nimeanza kuhesabu pumzi za Bi Mashavu kana kwamba ni zangu. Kisha nikaona watu wameanza kushuka barabarani nyuma yao: mama mwenye mimba, mtu wa mkongojo, mwenye toroli la nazi, wote wakitembea polepole. Walifika ng'ambo wote kwa pamoja, na Bi Mashavu na Kirobo wakakanyaga ukingo kwa hatua moja.

Saumu alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Sikutegemea.

Mzee Ndaro akapaza sauti kwamba huo ni ujanja. Mama hakumshinda Mtembezi, bali alimchelewesha. Wakabishana pale pale ukingoni, viti vikitikiswa na wabebaji waliokuwa nao wanabishana. Wengine walitaka arudie. Wengine walitaka Kirobo atolewe kengele, na wengine walitaka iongezwe sheria kuhusu mikono. Mzee Shekuwe hakuwa akisikiliza. Kirobo alikuwa amesahau kuishika kengele, kwa hiyo magari yalikuwa bado yametulia, na kutoka ng'ambo, kwa mara ya kwanza, kikohozi kilisikika waziwazi. Kilimalizia kwa kusafisha koo.

"Hakutanguliwa," Mzee Shekuwe akasema. "Sheria imesema asitanguliwe. Abaki na viatu vyake." Kisha akamgeukia mbebaji wake. "Kaniletee na vyangu."

Vililetwa vimekauka kama mbao, kimoja kina kiota cha nyigu. Havikuingia. Akasema basi, ashushwe hivyo hivyo. Alikanyaga lami kwa nyayo zile laini, akapiga hatua mbili na ya tatu, mbebaji huku na huku, akatetemeka na kutafuta pa kukaa. Hapakuwa na mahali pa kukaa, kama Bwana Tengefu alivyokuwa amepanga. Bi Mashavu, kutoka ng'ambo, akaelekeza kwa kidole: "Si kiti chako hicho! Kisogezeni mbele!" Wakakisogeza, lakini miti ya kubebea ilikuwa inazuia njia. Mzee Shekuwe akaagiza msumeno.

Sikuondoka haraka. Nilitaka kuona mwisho wake, na mwisho ulichukua muda mrefu. Mkuu wa Baraza hakuvuka siku ile, wala mwezi ule. Kiti chake kilikatwa miti, kikaachwa nusu ya njia kati ya nyumba yake na Barabara Kuu, naye kila asubuhi alifika hapo, akapumzika, akarudi. Kiti cha pili alikitoa Saumu. Kilikuwa kile kile cha mama yake, na mito yake yote. Alikiweka penye nguzo ya taa, pale palipokuwa benchi ya wima. Bwana Tengefu alikuja kukitazama, akasema kimekaa vibaya, akakisogeza kidogo upande wa kivuli ambacho hakikuwapo. Siku chache baadaye niliona amepanda mche hapo, ameuzungushia miiba.

Siku ya kuondoka kwangu nilipita njia ile na mizigo yangu. Kwenye kiti cha dhahabu cha Mkuu wa Baraza alikuwa amekaa mwuza nyanya, bibi mzito, kapu miguuni, akijipepea kwa kanga. Mbele yake, amesimama wima, mkono kwenye fimbo na viatu vipya miguuni, alikuwa Mzee Shekuwe.

"Subiri kidogo, babu," mwuza nyanya akamwambia. "Sijapumzika vizuri."

"Pumzika, bibi. Sina haraka."

Nikamwamkia, nikamwuliza anatoka wapi mapema vile. Akaonyesha kwa fimbo kule ng'ambo.

"Kwa dada," akasema. "Alikohoa nilipoingia. Mgeni, wallahi sikukumbuka kwamba ni ndege. Nilijikuta nimesimama mlangoni nimeinamisha kichwa, nasema shikamoo baba."